Jua likipunguzwa makali, mvua zetu zitakuwaje?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, naishi Muheza mkoani Tanga, nina ekari chache za mahindi na michungwa. Mjukuu wangu kanionyesha kwenye simu kwamba wanasayansi wa Ulaya na Marekani wana mpango wa kumwaga salfa angani ili jua lipungue makali na dunia ipoe. Anasema ndiyo ile mistari myeupe inayoachwa na ndege, na kwamba hata mafuriko ya 2023 na 2024 yalitokana na kazi hiyo. Mimi nimefundisha miaka mingi kwamba kusi na kaskazi huongozwa na jua. Wakilipunguza jua, si mvua zetu zitavurugika? Na mkulima kama mimi afanye nini?

JIBU: Shikamoo Mwalimu. La mjukuu ndilo jepesi, acha nilimalize kwanza.

Ile mistari ni mvuke wa maji unaotoka kwenye injini za ndege na kuganda papo hapo kuwa chembe za barafu, kwa kuwa kule juu, kilomita kumi au kumi na mbili, baridi ni kali mno. Salfa inayozungumzwa ingepelekwa kama kilomita 20 kwenda juu, kwenye tabaka la stratosfia, ambako ndege za abiria hazifiki. Ndege za kubeba mamilioni ya tani mpaka huko hazijaundwa. Chuo Kikuu cha Harvard kilipanga jaribio dogo sana la puto, kikakwama kwa miaka, na Machi 2024 kikalifuta kabla puto halijaruka. Kuna kampuni changa ya Kimarekani iliyorusha maputo kadhaa yenye gramu chache za gesi ya salfa huko Baja California mwaka 2022, na Januari 2023 serikali ya Mexico ikatangaza kupiga marufuku mambo hayo. Gramu chache haziwezi kugusa mvua ya mtu yeyote.

Mafuriko ya vuli ya 2023 yana maelezo yake: kulikuwa na El Niño, na upande wetu wa Bahari ya Hindi ulikuwa na joto kuliko upande wa Indonesia. Mambo hayo mawili yakikutana, vuli huzidi kipimo, kama ilivyokuwa 1997. Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya mpaka Mafia. Hapo hakuna mkono wa mtu, ukiondoa huu wetu sote wa kuipasha bahari joto.

Watu pia huchanganya jambo hili na mvua za kutengeneza, yaani kumwagia mawingu chumvi ili yaachie maji. Hiyo ni kazi nyingine, ya zamani na ndogo. Wakubwa watakumbuka jinsi serikali yetu ilivyozungumza na Thailand kuhusu teknolojia hiyo baada ya ukame wa 2005/06 uliokausha bwawa la Mtera. Aprili 2024 mvua ilipofurika Dubai na Oman, wengi mtandaoni walisema ni mawingu yaliyomwagiwa chumvi. Ule ulikuwa mfumo mkubwa wa mgandamizo mdogo wa hewa uliotabiriwa siku kadhaa kabla.

Sasa hoja yako, ambayo ndiyo hoja yenyewe. Uko sahihi, Mwalimu, na ningependa watunga sera wengi wangeanzia hapo ulipoanzia. Mazungumzo yao huanza na kuishia kwenye wastani wa joto la dunia. Mvua hailetwi na wastani. Inaletwa na tofauti: nchi kavu dhidi ya bahari, kaskazini dhidi ya kusini. Ukishusha wastani kwa namna inayobadili tofauti hizo, umehamisha mvua, upende usipende.

Wazo lenyewe limetoka kwenye volkano. Tarehe 15 Juni 1991 Mlima Pinatubo kule Ufilipino ulilipuka na kurusha stratosfia takriban tani milioni 15 mpaka 20 za salfa dioksidi. Gesi hiyo ikageuka matone madogo mno ya asidi ya salfa, yakasambaa kuizunguka dunia na kurudisha angani sehemu ndogo ya mwanga wa jua. Mwaka 1992 dunia ikapoa karibu nusu ya digrii Selsiasi. Matone yale yalianguka yenyewe ndani ya mwaka mmoja hadi miwili. Anayetaka kivuli cha kudumu atalazimika kumwaga salfa kila mwaka bila kukosa, na makadirio ya gharama ni mabilioni ya dola kwa mwaka. Kwa dunia nzima hizo ni fedha kidogo, na hapo ndipo penye kishawishi.

Jambo ambalo husemwa mara chache ni kwamba baada ya Pinatubo mvua za nchi kavu na maji ya mito duniani vilipungua kwa kiasi kilichoonekana wazi kwenye vipimo. Sababu ni hii. Hewa ukaa hufanya kazi usiku na mchana, ikweta na ncha za dunia. Kivuli cha salfa hufanya kazi pale tu jua linapowaka. Mtu aliyevaa koti zito Dar es Salaam mwezi wa Januari akisogea chini ya mwembe atapata nafuu, lakini koti bado analo mwilini. Joto la wastani linaweza kurudi lilivyokuwa, ila mgawanyo wake, saa kwa saa na mahali kwa mahali, haurudi. Mvukizo nao huendeshwa hasa na nishati ya jua inayofika juu ya maji na udongo. Ukikata jua unakata mvukizo, na kisichopanda hakishuki. Kuna jaribio la kompyuta lililofanywa na vituo vingi vya utafiti kwa kanuni moja: modeli, yaani dunia za kuigiza ndani ya kompyuta, zikapewa hewa ukaa mara nne ya ile ya kabla ya enzi ya viwanda, halafu jua likapunguzwa mpaka joto la wastani likarudi mahali pake. Joto likarudi. Mvua ya dunia ikapungua kwa asilimia 4 na nusu hivi, na mvua za msimu za Asia Mashariki, kusini mwa Afrika na mabara yote mawili ya Amerika zikapungua kati ya asilimia 5 na 7. Hilo ni jaribio la kupita kiasi, hakuna anayependekeza kipimo hicho, lakini linaonyesha mwelekeo.

Ila kinachonikosesha usingizi si hizo asilimia. Ni swali la salfa itamwagwa wapi. Hapo tuna ushahidi wa historia, na wa Afrika.

Juni 1783 ardhi ya Iceland ilipasuka mahali paitwapo Laki, ikatema lava na gesi kwa miezi minane, kiasi cha tani milioni 120 za salfa dioksidi. Karibu yote ilibaki kizio cha kaskazini, yaani nusu ya dunia iliyo kaskazini mwa ikweta. Mabara ya kaskazini yakapoa kiangazi kile. Unajua, Mwalimu, kwamba mvua za Juni hadi Septemba za nyanda za juu za Ethiopia huja kwa sababu nchi kavu ya kaskazini imepata joto na kuvuta hewa yenye unyevu kutoka baharini. Nchi kavu ilipopoa, uvutaji ukalegea. Nile ya Buluu ikaleta maji kidogo, na mafuriko ya Misri ambayo wakulima huyategemea kupanda yakawa hafifu 1783, na tena 1784. Msafiri mmoja Mfaransa aliyekuwa Misri wakati huo aliandika kwamba njia za Cairo zilizokuwa zimejaa ombaomba hazikuwa tena na hata mmoja, maana walikuwa wamekufa au wamekimbia, na kwamba katika miaka miwili Misri ilipoteza karibu sehemu moja ya sita ya watu wake.

Wanasayansi walipoiendesha Laki kwenye modeli, kikatokea kitu ambacho wengi hawakukitarajia. Kaskazini kulipoa, lakini ukanda wa kutoka Sahel, ile nchi kame iliyo kusini mwa jangwa la Sahara, kupita kusini mwa Arabuni mpaka India ulipata joto zaidi, digrii moja hadi mbili. Mvua za msimu zilipokosekana, mawingu nayo yakakosekana, jua likapiga ardhi kavu bila kizuizi. Kivuli kilichowekwa Ulaya kiliunguza mashamba ya Sudan.

Mwaka 2013 Jim Haywood wa idara ya hali ya hewa ya Uingereza na wenzake walichunguza Sahel kwa jicho hilo. Walikuta kwamba katika misimu minne ya mvua iliyokuwa mikavu kupita yote Sahel kati ya 1900 na 2010, mitatu ilitanguliwa na milipuko mikubwa ya kizio cha kaskazini, ukiwamo wa Katmai kule Alaska mwaka 1912 na wa El Chichón kule Mexico mwaka 1982. Kisha wakaijaribu salfa ya kumwagwa na binadamu kwenye modeli. Ikimwagwa kaskazini peke yake, Sahel inakauka. Kiasi kilekile kikimwagwa kusini peke yake, Sahel inanyesha na kuwa kijani. Salfa ni ileile, uzito uleule, wastani wa dunia unapoa kwa namna inayokaribiana, na mkulima wa Niger ama anavuna ama anahama. Ukanda mvua, yaani mshipi wa mawingu ya mvua karibu na ikweta ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa huutaja kila msimu, hukimbilia upande wenye joto. Ukipoza kaskazini unausukuma kusini, na kinyume chake.

Wala si nadharia tupu. Viwanda vya Ulaya na Amerika Kaskazini vilimwaga salfa nyingi hewani kwa miongo kadhaa bila kukusudia, wakaipoza Atlantiki ya kaskazini, na tafiti kadhaa zinauhesabu moshi ule kuwa mchangiaji mmoja wa ukame wa Sahel wa miaka ya 1970 na 1980. Hakuna aliyeshtakiwa. Nalitaja hilo kwa sababu wapo wanaosema kwamba madhara yakitokea fidia italipwa.

Ongeza na hili. Mwaka 2017 kundi lenye baadhi ya watafiti walewale lilionyesha kwamba salfa ikimwagwa kaskazini, vimbunga vya Atlantiki ya kaskazini hupungua. Ikimwagwa kusini huongezeka. Sasa mfikirie mwenye nyumba Florida na mfugaji wa Mali. Mkono mmoja ndio wenye ndege. Sisemi kuna mtu anapanga hivyo, nasema maslahi yao yamekaa pande mbili, na hakuna baraza lolote duniani lenye mamlaka ya kuwaamulia.

Wataalamu wanaoliunga mkono jambo hili wana jibu lao, na ni jibu la maana, si vyema nilifiche. Wanasema hakuna mwenye akili atakayemwaga upande mmoja. Majaribio ya sasa ya modeli humwaga kwenye latitudo nne, nyuzi 15 na nyuzi 30 kaskazini na kusini, na kila mwaka vipimo hubadilishwa ili joto la kaskazini na kusini libaki kwenye uwiano. Kwa njia hiyo ukanda mvua hauhami sana. Wanaongeza kwamba dunia iliyopata joto la digrii tatu bila kivuli chochote itaharibu mvua vibaya zaidi, na kwamba kivuli cha kiasi, cha kupunguza nusu ya joto lililoongezeka, kinazirudisha sehemu nyingi karibu na hali ya leo. Kwenye modeli, ndivyo inavyoonekana.

Lakini hata kwenye mpango huo wa latitudo nne, mvua za msimu za India zilipungua. India hupata karibu robo tatu ya mvua yake ya mwaka kati ya Juni na Septemba, takriban milimita 870, kwa hiyo kupungua kidogo tu kunahesabika kwa magunia. Chanzo kimojawapo kilikuwa kule juu kwenyewe. Matone ya salfa hayarudishi mwanga tu, hunyonya pia joto linalopanda kutoka chini, na kuipasha stratosfia ya ukanda wa tropiki. Hilo hubadili mzunguko wa pepo mpaka huku chini. Huwezi kulisahihisha kwa kuhamisha mahali pa kumwagia, kwa kuwa linatokana na salfa yenyewe. Ndiyo maana wengine wameanza kuchunguza unga wa chokaa badala yake.

Na kwetu? Muheza iko kwenye eneo la misimu miwili. Ukanda mvua hutupitia mara mbili: Machi hadi Mei ukipanda kaskazini, wakati wa maleleji, kaskazi imechoka na kusi haijashika; halafu Oktoba hadi Desemba ukirudi. Mbeya, Dodoma na Mtwara wana msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili, kwa hiyo usikubali mtu akupe jibu moja la Tanzania nzima. Vuli hufuata sana tofauti ya joto kati ya magharibi na mashariki mwa Bahari ya Hindi, kama tulivyoona 2019. Mpango wa salfa utakaoipoza bahari bila usawa kati ya pande hizo mbili utaigusa vuli moja kwa moja. Masika ni ngumu zaidi. Haifungamani na kitu kimoja, na modeli za kompyuta kwa ujumla huikosea hata bila salfa: huipa vuli mvua nyingi kuliko inayonyesha kweli na kuipunja masika. Kwa miaka mingi zimetabiri kwamba Afrika Mashariki itapata mvua zaidi kadiri dunia inavyopata joto, huku vipimo vya kuanzia miaka ya 1980 hivi vikionyesha masika ikipungua. Chombo kinachoikosea masika ya jana hakiwezi kuniambia kwa uhakika masika ya 2060 itakuwaje chini ya kivuli cha salfa. Ukisikia mtu anasema masika itanusurika, au itakufa, muulize anatumia modeli gani na iliisoma vipi masika ya miaka iliyopita.

Kuhusu mahindi yako kuna jambo jingine dogo. Salfa ikiwa angani mwanga hutawanyika, mbingu huonekana nyeupe kidogo, na majani ya chini yaliyojificha hupata mwanga kuliko kawaida. Baada ya Pinatubo miti ya msitu mmoja kule Massachusetts ilinufaika hivyo. Kwa mazao ya chakula hesabu ni tofauti: utafiti wa 2018 uliochunguza mavuno baada ya milipuko ya Pinatubo na El Chichón ulikuta kwamba hasara ya kupungua mwanga hula faida yote ya kupungua joto. Mahindi yamo kwenye orodha.

Kisha lipo suala la kusimamisha. Ukiweka kivuli miaka hamsini huku moshi ukiendelea kupanda, halafu vita au ugomvi wa kisiasa ukakatiza ndege, sehemu kubwa ya joto lililokuwa limezuiwa hurudi ndani ya miaka kumi hivi. Hakuna mbegu inayozoea kasi hiyo.

Afrika haijanyamaza. Agosti 2023 mawaziri wa mazingira wa bara hili walikutana Addis Ababa wakataka yawepo makubaliano ya kimataifa ya kutotumia teknolojia hii. Miezi michache baadaye, kwenye Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa lililofanyika Nairobi mapema 2024, Uswisi ilileta azimio la kuunda kundi la wataalamu wa kulichunguza suala hili. Mjadala ukawa mkali, nchi za Afrika zikasimama kwenye msimamo wao, na azimio likaondolewa. Kuna wanasayansi wa Kiafrika waliosikitika, wakasema tukikataa hata kuchunguza tutaletewa majibu yaliyopikwa kwingine. Mimi niko nao nusu: kutumia nakataa, kuchunguza nakubali, mradi utafiti wa mvua zetu ufanyike hapa na watu wetu. Kuwaachia wengine hesabu za masika ni kosa tulilokwisha kulifanya kwenye mambo mengine.

Umeuliza ufanye nini. Usibadili chochote shambani kwa ajili ya salfa, haipo. Kinachobadilisha msimu wako sasa ni bahari yenye joto na mvua zinazokuja kwa mkupuo kisha zinakatika. Panda mbegu ya mahindi ya muda mfupi kwenye vuli, weka matandazo chini ya michungwa, na usikilize utabiri wa vuli wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unaotoka kabla ya msimu. Ndani ya utabiri huo tafuta sentensi inayozungumzia joto la magharibi mwa Bahari ya Hindi. Hiyo ndiyo inayobeba uzito.

Na kama shule uliyofundisha bado ina kipimamvua, nenda ukamwombe mwalimu mkuu wakifufue. Sababu mojawapo ya modeli kuikosea masika ni uhaba wa vituo vya kupimia kutoka pwani mpaka milimani, na Muheza, yenye Usambara mgongoni, ni mahali ambapo mvua hubadilika sana ndani ya kilomita chache. Kikae uwanjani, mbali na miti na paa. Kisomwe kila siku saa tatu asubuhi, hata siku ambayo haikunyesha, na sufuri nayo iandikwe.